"Dord" Lilipita, "Come-we-stay" Nikalifuta

Nina kosa la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihariri hadithi za Kiingereza za waandishi chipukizi. Dada mmoja akaleta hadithi ya wapenzi wawili wanaoishi chumba kimoja Umoja: hakuna mahari, hakuna harusi, wazee hawajaitwa. Mama mwenye ploti aliwaita watu wa "come-we-stay". Nikafungua kamusi, neno halimo. Nikalifuta, nikaweka "cohabitation".

Akanipigia simu. "Lakini boss, huyo mama hawezi sema hivyo. Hiyo ni lugha ya wakili."

Nikamjibu kwa maringo: "Neno lako haliko kwa dictionary." Hadithi ikatoka na neno langu. Hakuniletea nyingine.

Sasa wacha niwaambie kuhusu hizi kamusi tunazoziogopa hivi. Mwaka 1934, toleo la pili la kamusi kubwa ya Webster kule Marekani lilitoka na neno "dord", eti maana yake ni densiti katika fizikia na kemia. Hakuna mtu aliyekuwa akilitumia. Kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa "D or d", yaani herufi D, kubwa ama ndogo, ni kifupisho cha "density". Mtu akaunganisha herufi, neno likazaliwa. Ilifika 1939 ndipo mhariri mmoja akashtuka kwamba halina maelezo ya asili yake. Na New Oxford American Dictionary ya 2001 ilitia "esquivalience" makusudi: neno la kubuni, mtego wa kunasa wanaonakili kazi ya wenzao.

Kwa hivyo neno lisilo na msemaji lilipita getini, na neno linalosemwa mtaa mzima likafukuzwa. Na aliyelifukuza si Mzungu. Ni mimi, nikiwa Nairobi, na chai yangu mezani.

Juni 2022, Oxford English Dictionary ikatangaza karibu maneno 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, mapya na yaliyorekebishwa. "Come-we-stay" limo. "Unprocedural" limo. "Nyama choma" na "sambaza" pia. Watu wakashangilia: tumetambuliwa! Mimi niliona aibu. Lile neno lilikuwa neno tangu siku ile nililifuta. Oxford haikuliumba, ililikuta.

Mtaniuliza, kwani kila mtu ajiandikie tu anavyotaka? Zii. Ukikosea tahajia, umekosea. Ukibuni neno jana usiku ili uonekane mjanja, msomaji ana haki ya kukuacha hapo. Lakini neno ambalo mama mboga, makanga na pasta wote wanalielewa bila kufafanuliwa limeshafaulu mtihani wake.

Tena wenye kamusi hawaketi kama majaji. Wanakusanya ushahidi: vitabu, magazeti, mitandao. Neno likionekana mara nyingi vya kutosha, kwa waandishi tofauti, kwa muda, linaandikiwa ukurasa. Sasa oneni ujinga wetu. Mhariri analifuta neno kwa sababu halimo kwenye kamusi. Halimo kwenye kamusi kwa sababu wahariri wanalifuta. Tunajifungia mlango kwa ndani, halafu tunalia kwamba tumenyimwa ufunguo. "Come-we-stay" liliingia kwa sababu kuna watu waliokataa kuwasikiliza wahariri kama mimi.

Kwa hivyo wewe unayeandika kwa simu ndani ya mathree, andika neno lenyu. Usilitilie alama za kuomba msamaha, usilitafsirie mgeni. Na wewe mhariri mwenzangu, kabla ya kufungua kamusi, uliza kwanza: nani husema hivi, na husemea wapi?

Na dada, ukisoma hii: hadithi yako bado ninayo. Nimelirudisha neno lako. Nipigie.