MTIHANI WA SIKIO



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu hapa Kiseke, jambo lililotushika muda mrefu kuliko yote halikuwa la mishahara wala la nauli za likizo. Lilikuwa karatasi moja iliyowekwa mezani na ndugu yetu mmoja, karani wa masjala, kisha akaketi asiseme neno. Ametupa ruhusa kuyaandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, nasi twamshukuru.

Wanachama wengi wamjua, maana ndiye tunayempelekea barua zetu za Kiingereza azisahihishe kabla hazijafika kwa wakubwa. Alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kusomea shahada ya pili ng'ambo, na ada imelipiwa. Chuo kilimtaka alete kitu kimoja tu: matokeo ya mtihani wa IELTS, yasiyopungua 6 katika kila sehemu. Katika kusoma alipata 7, katika kuandika 6.5, katika kuzungumza 6. Katika kusikiliza alipata 5. Kiti chake sasa kimekaliwa na mtu mwingine.

Wako waliong'ong'ona siku ile, ati, "Kumbe hata yeye!" Neno hilo si jema, wala halina haki. Tungeketi sisi mahali pake, wengi wetu tungerudi na karatasi mbaya kuliko ile.

Yafaa kwanza tuujue mtihani wenyewe. Sehemu ya kusikiliza huchukua kadiri ya dakika 30, nayo ina maswali 40 yaliyogawanywa mafungu manne. Fungu la kwanza ni mazungumzo ya watu wawili juu ya shughuli za kila siku, kama vile kukodi chumba. La mwisho ni mhadhara wa mtu mmoja asiyekatizwa na yeyote. Sauti zaweza kuwa za Uingereza, za Marekani, za Australia au za New Zealand. Kila rekodi husikika mara moja tu. Ukikosea herufi katika kuandika jibu, umekosa. Ukiagizwa uandike maneno yasiyozidi mawili nawe ukaandika matatu, umekosa pia, hata kama maana umeipata sawasawa.

Ndugu yetu asimulia kwamba mwanamke wa katika rekodi alipotaja jina lake herufi kwa herufi, yeye aliandika E palipotajwa A, na I palipotajwa E. Wala si ajabu. Sisi tulipoanza shule tulifundishwa a, e, i, o, u, na majina hayo yamekaa masikioni mwetu kama alama ya chanjo mkononi. Mwingereza naye huiita E kwa sauti ile ile tunayoiitia I. Basi akawa anajiuliza, "Amesema nini yule?" na alipokuwa katika kujiuliza, maswali matatu yaliyofuata yalimpita kama daladala zisizosimama kituoni. Tangu hapo hakuwahi kutulia tena.

Mimi mhariri sina ruhusa ya kumcheka. Miaka michache iliyopita niliandika kumbukumbu za kikao kimoja kilichokuwa na mgeni kutoka nje, naye akataja mifuko 15 ya saruji. Nikaandika 50. Kosa lile liligunduliwa na mtunza bohari kabla fedha hazijatoka, lakini jasho nililolitoa siku hiyo nalikumbuka mpaka leo. Maneno "fifteen" na "fifty" nayajua tangu darasa la tatu. Niliyajua kwa jicho.

Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Kiingereza tumekipokea kupitia karatasi. Tumekisoma ubaoni, tumekinakili madaftarini, tumefanyia mtihani wa Kidato cha Nne kwa kalamu, na baada ya kuajiriwa tumekikuta katika faili. Barua ina subira: waweza kuirudia mara tatu, waweza kuuliza jirani, waweza kufungua kamusi. Sauti haina subira hiyo. Na tofauti hii huzidi kuwa kubwa kwa sababu ya jinsi lugha zetu zilivyoumbwa.

Tazama. Katika Kiswahili, habari kubwa hukaa mwanzoni mwa neno. Mtoto, watoto, alikwenda, atakwenda, wamekwenda: silabi mbili tatu za kwanza zimekwisha kukuambia ni nani, wangapi, na lini. (Najua atatokea mwalimu kunikumbusha habari za pigwa, pigia na pigana. Naam, mwalimu, lakini nafsi na wakati hukaa mbele.) Kiingereza huweka mambo hayo mkiani: "book" na "books," "walk" na "walked." Tena mkia wenyewe ni konsonanti tupu isiyo na irabu, na sisi tangu tulipobebwa migongoni mwa mama zetu, kwa Kisukuma ama kwa Kiswahili, tumesikia maneno yanayoishia kwa irabu. Kwa hiyo sikio letu hukesha mlangoni mwa mbele, na mgeni aingilia mlango wa nyuma. Tuongeze na mkazo: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, hali Kiingereza hukaza popote kipendapo na silabi nyingine hukimeza. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa, ambao r na l hubadilishana ndimini bila kuombana ruhusa, tuna mzigo mwingine juu ya huo.

Kwa sababu hiyo, sarufi na sikio si masomo mawili. Mtu asiyeisikia "s" ya mwisho huisahau pia anapoandika. Wenzetu wanaojiandaa kwa mtihani wa Kimarekani uitwao TOEFL ITP, ule unaofanywa kwa kupitia taasisi, watakuta sehemu ya sarufi yenye maswali 40 kwa dakika 25, yaani yapata nusu dakika na kidogo kwa kila swali. Hapana nafasi ya kukumbuka kanuni ya kitabuni. Sharti kosa likukwaruze sikio mara ulisomapo. Katika IELTS hakuna karatasi ya sarufi peke yake, lakini sarufi huhesabiwa robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza.

Makosa ya sarufi yanayotuangusha, kwa sehemu kubwa, ni Kiswahili sahihi kilichovaa koti la Kiingereza. Sisi husema "nimemwona jana," na haina kosa lolote. Mwingereza hakubali "have seen" ikae pamoja na "yesterday" katika sentensi moja. Neno letu "yeye" halijali mume wala mke, basi katikati ya kusema twamwita bibi "he." Twaandika "informations" na "equipments" kwa kuwa taarifa ni nyingi na vifaa ni vingi, na akili timamu yaona vyafaa kuhesabiwa. Mtahiniwa na aandike orodha ya makosa yake mwenyewe, kutoka katika barua zake mwenyewe zilizorudishwa na wino mwekundu. Orodha hiyo itamfaa kuliko vitabu vitano vya sarufi.

Mtihani wa sikio si mgeni kwa makarani wa nchi hii. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani kule Unguja na aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, yaani wawili kati ya watatu hao walitoka pande zetu hizi. Walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Maswali yale yaliulizwa kwa mdomo, na wazee wa kamati hawakuwa watu wa kusema pole pole kwa ajili ya mgeni. Kayamba alikuwa karani kama sisi. Safari hiyo aliiandikia kitabu, na alikiandika kwa Kiswahili.

Nataja hilo kwa sababu mwanachama mmoja aliuliza mkutanoni kwa nini tuhangaike na lugha ya watu, hali Kiswahili ndicho lugha ya ofisi zetu na, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, ndicho lugha ya mahakama pia. Swali lake ni la haki, nami sitaki kulipuuza. Jibu langu ni fupi: mtihani huu haupimi akili ya mtu wala heshima ya lugha yake. Ni mlango wa nyumba ya mwenziwe, na mwenye nyumba ndiye achaguaye kufuli.

Juu ya wale wanaouza "majibu ya mtihani" kwa njia ya simu, neno moja latosha: ni wezi. Wawili katika tawi letu wamekwisha kupoteza fedha kwao.

Dawa tunayoipendekeza ni ya zamani, na wengi mliosoma shule za misheni mtaikumbuka bila furaha: imla. Mwalimu wetu alituletea kila Ijumaa. Alisoma, tukaandika, na kila kosa lilikuwa na malipo yake. Tuliichukia. Leo simu ya mkononi yaweza kuwa mwalimu huyo. Chukua rekodi ya dakika tatu yenye maandishi yake. Isikilize mara moja bila kalamu, kisha umwambie mwenzako kwa Kiswahili ulichokipata, kwani usichoweza kukisema kwa Kiswahili hukukielewa. Isikilize tena ukiandika. Mara ya tatu linganisha na maandishi, na kila herufi ya mwisho uliyoiacha izungushie duara. Baada ya wiki mbili utaona duara zako zafanana. Huko ndiko sikio lako lilikotoboka. Atakayeona rekodi za kawaida zamshinda na aanze na zilizo nyepesi. Sauti ya Amerika ilipoanza matangazo yake ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, ilitumia maneno kama 1,500 tu, tena kwa mwendo wa pole, na watu wengi walijifunza hivyo.

Kazi hii haiendi vema kwa mtu peke yake, kwa kuwa mtu peke yake hujisamehe. Kwa hiyo Kamati imekubali kwamba imla ifanywe kila Alhamisi, saa 11:30 jioni, katika chumba tunachokutania. Kila mtu aje na daftari na penseli. Ndugu yetu wa masjala amekwisha kuandikisha jina lake la kwanza kabisa.

Liko na shauri la fedha. Ada ya mtihani si haba, na matokeo hutambuliwa kwa miaka miwili tu, basi asiyefaulu hulipa upya. Imetolewa hoja kwamba mfuko wa tawi umkopeshe ada mwanachama aliyehudhuria imla zisizopungua 20, naye airudishe kidogo kidogo kwa muda wa mwaka. Mhazini ana mashaka, na mashaka ni kazi yake. Sisi twaiunga mkono hoja hii. Itapigiwa kura katika mkutano ujao, na wasioweza kufika wapeleke maoni yao kwa Katibu kwa maandishi, kwa lugha yoyote waipendayo.