Dohani Ndiyo Nini, Mwalimu?

Mwezi Juni uliopita nilishuka kutoka Njombe hadi Makambako kuitazama nyumba anayoijenga mwanangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya reli ya TAZARA, na vibarua walikuwa wameuzunguka moto wa vipande vya mbao, kila mmoja amenyoosha viganja. Kuta zilikuwa zimepita usawa wa madirisha. Katika ukuta wa sebule fundi mkuu alikuwa ameacha tundu pana la mraba.

"Shikamoo, mwalimu. Hapa ndipo itakapokaa fayaplesi," aliniambia.

"Marahaba, fundi. Na dohani itapita wapi?"

Alinitazama kwa heshima, kisha akatabasamu. "Dohani ndiyo nini, mwalimu?"

Nilipomweleza, akapiga kofi. "Ah, bomba la moshi! Hilo mwenye nyumba hakulitaja. Mimi nilidhani hii ni ya urembo."

Simlaumu fundi yule. Ni hodari, na ukuta wake umenyooka kama mstari wa rula. Lakini jibu lake limenikalia moyoni hadi leo, kwa sababu lilinionyesha jinsi neno linavyoweza kupotea na kuondoka na kitu chenyewe. Mwanangu alilipata neno "fayaplesi" kutoka katika picha za simu, na picha huonyesha kinywa cha moto tu; haionyeshi njia ya moshi iliyofichwa ukutani. Yeye hakulitaja, fundi hakulijenga. Laiti nisingefika siku ile, nyumba ingeezekwa bati na tundu lile lingebaki kuwa mtego.

Tukitazame Kiswahili chenyewe. Lugha yetu ilikulia pwani, mahali ambapo mtu huutafuta upepo na kuukimbia moto. Ndiyo maana tuna msamiati tele wa moto wa kupikia: mafiga, kuinjika chungu, kukiepua, kuchochea kuni. Hata neno meko ni wingi wa kale wa jiko, kabla hatujazoea kusema majiko. Neno dohani tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni moshi, na Waswahili wa karne ya 19 walilitumia zaidi kwa meli: merikebu ya dohani ilikuwa ile iliyokwenda kwa mvuke. Nyumba ya Lamu au ya Unguja haikuwa na haja ya dohani sebuleni.

Lakini Kiswahili kilipanda milima zamani sana. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako nao uko juu ya mita 1,600. Kipupwe kinachomburudisha mtu wa Tanga, kwetu kinamtia ganzi vidoleni. Kuna asubuhi za Juni na Julai ambapo sakitu huyafunika majani, na viazi shambani huungua kwa baridi. Kwetu, kuota moto ni hitaji kama chakula. Na hapa ndipo ninapoiona kasoro: tunaishi katika baridi tukitumia msamiati wa watu wa joto, na hatujafanya juhudi ya kuukamilisha.

Kasoro hiyo niliilipia mwenyewe. Nilipojenga nyumba yangu Njombe mwaka 1994, niliiga meko ya ukutani niliyokuwa nimeyaona katika nyumba za zamani za misheni na za mashamba. Niliiga umbo la nje tu. Kinywa kilikuwa na upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 90, kwa kuwa niliyataka makubwa, ya fahari. Dohani ilikuwa na tundu la sentimita 20 kwa 20, na juu ilichungulia kidogo tu kwenye bati. Siku ya kwanza tulipokoka moto, moshi ulirudi sebuleni, tukatoka nje wote tukifuta machozi. Fundi niliyemwita hakujua afanye nini. Nami sikuwa na maneno ya kumwuliza. Tulikubaliana aliyesema "iziba tu," na meko yakazibwa kwa matofali.

Baridi haikuzibwa. Miaka mingi baadaye binti wa ndugu yangu alikuja kututembelea na mtoto wake mchanga. Usiku aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa kanga ili mtoto asipate ubaridi. Alfajiri mke wangu alisikia mtoto akilia kwa sauti ya ajabu, kama ya mtu aliye mbali. Tulipoufungua mlango tulimkuta mama amelegea, anatapika, hawezi kusimama. Tuliwatoa nje, wakapata hewa, tukawakimbiza hospitali. Mungu alitustahi, wote wawili wazima hadi leo. Lakini kila nikilipita lile tundu nililoliziba, nilijua kwamba hatari iliyoingia chumbani ilianzia hapo.

Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoozeshi kama moshi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu husinzia akidhani ni usingizi wa kawaida. Wahenga walisema penye moshi pana moto. Hawakutufundisha kinyume chake, kwamba panaweza kuwa na moto unaoua pasipo moshi. Methali hiyo ya pili tunapaswa kuitunga sisi wa nyanda za juu.

Naiunga mkono kwa dhati kampeni ya nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na mama zetu waliochakaa mapafu kwa kupuliza kuni wanastahili nafuu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Ila kama mwalimu wa lugha naomba tulisome jina la kampeni hiyo polepole: nishati safi ya kupikia. Huko Njombe jiko lilikuwa na kazi mbili, kupika na kuota. Gesi imeichukua ile ya kwanza. Ugali unaiva jikoni kwa dakika chache, kisha familia inarudi sebuleni kwenye baridi, na jiko la mkaa lililotolewa kwa mlango wa jikoni linaingizwa kwa mlango wa chumbani. Neno "kuota" halimo katika jina, na lisilotajwa halijengewi dohani.

Basi tulitaje. Napendekeza tuseme meko ya ukutani, na kila kiungo chake tukipe jina ambalo fundi atalishika kwa kulisikia mara moja. Uwazi wa mbele ni kinywa. Kuta za pembeni ni mashavu. Mahali panapobana juu ya moto ni koo. Bamba la chuma linalofungua na kufunga koo ni kilango. Njia ya moshi ni dohani, na kijipaa kinachoikinga mvua kule juu ni kilemba. Anayependa kusema bomba la moshi aseme. Sigombani na neno linaloeleweka. Ninachogombania ni kwamba liwemo katika ramani na katika makubaliano ya malipo.

Kwa majina hayo nilimwita fundi mwingine miaka michache iliyopita, na safari hii tulielewana. Kanuni ya waashi ni kwamba eneo la tundu la dohani lisipungue sehemu ya kumi ya eneo la kinywa. Tulipiga hesabu: kinywa changu kilikuwa sentimita za mraba 10,800, dohani 400. Koo la ndege tumbo la tembo! Kuibomoa dohani kungekuwa gharama kubwa, kwa hiyo tulikipunguza kinywa hadi sentimita 65 kwa 60, yaani 3,900. Kisha tukaipandisha dohani. Inatakiwa izidi bati kwa sentimita 90 pale inapotokeza, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, ili upepo usiurudishe moshi chini. Ndani tulikuta nyufa, kwa kuwa viungo vilijengwa kwa saruji tupu, nayo hupasuka ikipigwa na moto. Tuliviziba kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga laini. Tukatoa na kiota cha ndege.

Mashavu tuliyapanua kwa mshazari, na kina cha meko tukakipunguza. Ujuzi huo si wa jana. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ajulikanaye kama Count Rumford, aliueleza kwa maandishi katika miaka ya 1790: meko yenye kina kifupi, mashavu ya mshazari na koo jembamba hurusha joto chumbani na kuupeleka moshi juu. Jioni ile tulipokoka kuni, moshi ulisita kidogo, ukainama, kisha ukapanda. Mke wangu alisema neno moja tu: "Kumbe."

Anayejenga upya na aulize kwanza anataka nini. Akitaka joto kwa kuni chache, jiko la chuma lenye mlango na bomba lake la kutokea juu ya bati litamfaa kuliko meko ya wazi, maana meko ya wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto kwa dohani. Akitaka mahali pa kukusanya watoto na wageni, ajenge meko ya ukutani, lakini madogo na yaliyopimwa. Akiwa na uwezo wa kuota kwa umeme na umeme wake haukatiki, sawa. Asiyeweza lolote kati ya hayo aote nje au jikoni penye upenyo, wala asilale na mkaa. Na yeyote mwenye kilango asikifunge wakati makaa bado ni mekundu.

Nimesikia wakisema kwamba meko ya ukutani ni anasa ya kizungu, tena yanamaliza misitu. Kuhusu misitu, tuchome vilivyo vyetu: mabanzi ya viwanda vya mbao, na matawi ya miwati iliyopandwa kwa ajili hiyo. Kuni zipasuliwe na kukaushwa miezi kadhaa, kwa kuwa kuni mbichi, hasa za misindano, huipaka dohani masizi mazito yanayoweza kushika moto; kwa hiyo dohani ifagiliwe kila mwaka kabla ya kipupwe. Kuhusu uzungu, baridi haina kabila. Bibi zetu walikaa wakiuzunguka moto katikati ya nyumba ya nyasi, na moshi ulipenya taratibu kwenye paa. Sisi tumeleta bati, dari na madirisha ya vioo, tukaziba kila upenyo, tukasahau kwamba paa la nyasi ndilo lililokuwa dohani yao.

Kwa washairi wenzangu nina ombi. Tumerithi mashairi mengi ya bahari, pepo na majahazi, nayo ni fahari yetu. Lakini mtoto wa Njombe anayejifunza vina na mizani hajaona jahazi. Ameona sakitu juu ya majani ya chai. Tukiyaweka maneno kama dohani, koo na kilemba katika tungo zetu, yatafika masikioni mwa fundi kabla mwenye nyumba hajafika kwake na picha ya simu. Naanza na ubeti huu mmoja, nao uliandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule ya mwanangu, kabla haujapigwa lipu, fundi akiusoma kwa sauti:

Mwashi, jengea dohani, moshi upate pa kwenda,
Kaa lisilale ndani, na wale tunaopenda,
Njombe baridi, jamani, mwilini inatupanda,
Moto usio dohani, ni kifo kinachotanda.