Swali la Mwanafunzi Kuhusu Saratani ya Damu

Nilipokuwa nikifundisha Biolojia, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alianza kudhoofika. Tulidhani ni malaria. Kumbe ilikuwa lukemia, yaani saratani ya damu. Baada ya mazishi, wenzake waliniuliza: mbona dawa iliyomnyonyoa nywele haikumwondolea ugonjwa? Nilibabaika, nikarejea kwenye njegere za Mendel, maadamu mtihani ulikuwa umekaribia.

Leo ningewajibu hivi. Dawa zile za tangu zamani hushambulia kila seli inayogawanyika upesi, iwe ya saratani, ya nywele au ya utumbo. Ni kama kulichoma shamba zima ili kuliangamiza gugu. Ndiposa wanasayansi wakaligeuza swali: ni jeni gani ambayo seli ya lukemia haiwezi kuishi bila hiyo, ilhali seli yenye afya yaweza kustahimili kuikosa?

Mnamo 2016, watafiti wa taasisi ya Wellcome Sanger nchini Uingereza walichapisha matokeo ya msako wa aina hiyo. Walichukua seli za aina moja ya lukemia inayokwenda kwa kasi, wakaziharibu jeni zake kwa mbinu iitwayo CRISPR, kila seli jeni moja, kisha wakatazama ni zipi zitakazotoweka. Walipata jeni 492 ambazo seli hizo zilizitegemea kwa namna ya pekee. Mojawapo ni MEN1, iliyokuwa imekwisha kushukiwa, ambayo huongoza uundaji wa protini iitwayo menini. Novemba 2024, Marekani iliidhinisha revumenib, dawa inayoizuia menini kushikamana na mshirika wake, kwa baadhi ya wagonjwa, wakiwemo watoto wa kuanzia mwaka mmoja. Si wote wanaopona, nayo ina madhara yake.

Hata hivyo, dawa ya namna hii haitolewi kwa kubahatisha. Sharti kwanza jeni za ugonjwa wenyewe zichunguzwe. Hapa ndipo ninapowalaumu walimu wenzangu, nami nikiwa wa kwanza. Tumezifunza jeni kana kwamba ni alama za mtihani tu. Nani basi atakayezisoma watoto wetu wakiugua? Nawasihi walimu waliulize darasani swali lile la watafiti kabla hawajagusa uwiano wa 3:1.

Mmoja wa walioniuliza siku ile sasa ni mwalimu wa somo lilo hilo. Nimemtumia jibu hili, japo limechelewa.