Yatang'oka yenyewe, lakini lini?

Mwandishi aliyetushauri wiki iliyopita tusipoteze fedha kuziba meno ya utotoni, kwa kuwa yatang'oka yenyewe, hakutuambia yatang'oka lini. Ya mbele, sawa, huanza kutoka kwenye miaka 6 hivi. Magego je? Hayo hukaa mpaka miaka 10, hata 12. Mtoto wa miaka 4 mwenye gego lililotoboka atafunie upande mmoja muda wote huo?

Tena gego hilo humshikia nafasi mwenzake wa ukubwani. Likitolewa mapema, majirani husogea na jipya huota upande upande. Hapo ndipo mzazi atakapoulizia bei ya kunyoosha meno kwa waya.

Lakini hatari kubwa mwandishi huyo hakuigusa kabisa. Gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka 6, nyuma ya yale ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utotoni, wakaliacha lioze. Hilo likitoka halirudi. Mwambie mwanao aachame, uhesabu kuanzia jino la mbele la katikati: la sita ndilo. Ukiona kitobo, mpeleke likazibwe.