Lisbon inailinda mikahawa yake kwa faida ya nani?

Mwishoni mwa Agosti 2018, Pastelaria Suíça ilifunga milango yake katika uwanja wa Rossio, katikati ya Lisbon. Ilikuwa ikiuza kahawa na keki tangu 1922. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wakimbizi waliokuwa wakisubiri meli ya kuwavusha Atlantiki walishinda kwenye meza zake za nje. Mkahawa uliopita katika vita na mapinduzi uliondoka baada ya jengo kuuzwa.

Tusiwaonee wenye majengo. Kodi za pango za zamani zilizuiwa kupanda kwa miongo mingi, na wengine walipokea fedha zisizotosha hata kuziba paa linalovuja. Mwaka 2012, Ureno ikiwa imebanwa na madeni, sheria mpya ililegeza kamba. Kisha watalii wakafurika, na ghorofa iliyokuwa na duka la keki chini ikawa na faida kubwa zaidi ikigeuzwa hoteli.

Halmashauri ya Jiji ilianza kuyatambua maduka ya kihistoria mwaka 2015. Sheria ya 2017 ikawapa wapangaji wa maduka hayo kinga ya miaka mitano dhidi ya kanuni mpya za pango. Naiunga mkono kwa moyo wote. Confeitaria Nacional, iliyofunguliwa mwaka 1829, ndiyo iliyowazoesha Wareno bolo-rei, mkate mtamu wa mviringo wenye tundu katikati na matunda ya sukari juu, ambao leo Krismasi haikamiliki bila huo. Duka la namna hiyo likifa, halifufuki kwa kufungua jingine mtaa wa pili.

Ila kinga hiyo inalinda nini hasa? A Brasileira, iliyofunguliwa mwaka 1905 kuuza kahawa ya Brazil, ina sanamu ya shaba ya mshairi Fernando Pessoa mlangoni, ameketi, na kiti kitupu pembeni yake kwa wanaotaka kupigwa picha. Pessoa alijipatia riziki kwa kuandika barua za kibiashara za kampuni kwa lugha za kigeni. Hakuwa tajiri. Mtu wa kipato chake aliweza kuketi mkahawani na kuandika kwa sababu kikombe kilikuwa rahisi na hakuna aliyemharakisha. Vioo na mbao za kuchonga zinapendeza, lakini mkahawa uliishi kwa bica, kikombe kidogo cha kahawa kali, kinachonywewa kwa mafunda mawili matatu mtu akiwa amesimama kaunta kabla ya kuwahi kazini.

Sisemi watalii ndio maradhi. Pastéis de Belém inawahudumia kwa foleni ndefu, na bado vikeki vyake vya maziwa na mayai vinatengenezwa papo hapo, kwa mapishi ya tangu 1837 yanayojulikana na watu wachache tu.

Kwa hiyo kinga iwe na masharti: tanuri libaki ndani ya duka, na bica ya kaunta iuzwe kwa bei ambayo karani wa mtaa huo anaimudu kila asubuhi. Wenye mikahawa watalalamika kwamba serikali inawapangia bei. Lakini pango lao la chini linabebwa na mwenye jengo, kwa amri ya umma. Umma una haki ya kudai chake kaunta.