Saa Isiyotiwa Ufunguo

Wako wanaodai kuipenda saa kongwe ya kronografu, ile yenye akrabu za kupimia mbio, na kumbe huinunua ili waifungie katika sanduku la chuma. Hayo si mapenzi. Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman ilinadiwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Thamani ile haikuzaliwa sandukuni: mkewe, Joanne Woodward, alimnunulia aivae, naye akaivaa miaka mingi.

Watajibu kwamba kuivaa ni kuichakaza, na vipuri vyake ni adimu. Kweli. Lakini kulala nako kuna maangamizi yake: mafuta hukauka na kuganda, na siku saa itiwapo ufunguo, vyuma husagana. Dawa ni fundi hodari aifungue, aisafishe, aitie mafuta mapya. Wala asiruhusiwe kuupaka rangi uso wake au kuusugua mwili wake kwa msasa. Kovu la kweli lashinda urembo wa kughushi.

Asiye na ujira wa fundi asinunue. Aliye nao na aivae, kwani saa isiyohesabu wakati ni bangili tu.