Lubutu: Wimbo wa vyuma uliopitwa, na somo lake kwa waliokimbia vita

Jioni inapoingia Lubutu, bafle ndogo zilizochajiwa kwa jua huanza kupiga. Ni rumba, ndombolo na nyimbo za kanisa. Ndizo zinazosikika sokoni, kando ya barabara ya Kisangani, na hata katika nyumba zilizopokea ndugu waliokimbia vita upande wa Walikale. Hakuna ubaya. Ila kuna muziki mwingine wa Kongo uliozunguka dunia, na ambao ungewafaa sana wasikilizaji wa hapa, hasa wale waliofika na mfuko mmoja mkononi.

Mwaka 2010 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, Ubelgiji, ilitoa albamu inayoitwa Tradi-Mods vs Rockers. Ina nyimbo 26. Wanamuziki wa roki na wa muziki wa elektroniki kutoka Marekani, Ulaya na kwingineko walichukua kazi za Konono N°1, Kasai Allstars na makundi mengine ya Kongo, wakazitengeneza upya kila mmoja kwa namna yake. Wanaoisifu albamu hiyo hutaja haraka Animal Collective, Andrew Bird au Deerhoof. Wachache hutaja wimbo wa Oneida, kundi la Brooklyn, New York, unaoitwa Nombre 1!

Si haki kuupita. Oneida ni watu wa roki nzito, wanaopenda kurudia mlio uleule mpaka sikio likubali. Wimbo wao hauko mbali na ile roki inayoitwa ya viwandani, iliyokua tangu miaka ya 1970 pale vijana wa Uingereza walipoanza kuingiza milio ya mashine ndani ya muziki. Na jina lake lenyewe ni salamu kwa Konono N°1. Yaani watu wa nchi yenye viwanda, walipotafuta mlio wa chuma ulio hai, walikuja kuusikiliza Kinshasa.

Hapo ndipo habari inapowahusu waliohama. Konono haikuchagua kelele. Mzee Mingiedi Mawangu, aliyeanzisha kundi hilo miaka ya 1960, alikuwa Mzombo, wa kabila linaloishi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Angola. Muziki wa kwao ulikuwa ukipigwa kwa pembe za ndovu. Mjini Kinshasa pembe hazikuwepo, na likembe peke yake haikuweza kushindana na makelele ya jiji. Basi sumaku za vyuma vya gari zilizotupwa zikazungushiwa waya wa shaba, zikageuka maikrofoni. Vipande vingine vya gari vikawa ngoma. Sauti ikatolewa kwa vipaza sauti vya zamani vya mtindo wa wakati wa ukoloni. Mitambo hiyo ilikwaruza na kuvuma, na mafundi wakaona kwamba hata mkwaruzo una mahali pake katika wimbo. Wakauacha.

Mtu aliyekimbia anaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Ukifika ugenini, chombo ulichokiacha nyumbani hukipati. Unachukua kilichopo. Bidoni la njano linakuwa ngoma, sahani inakuwa kengele, na wimbo wa kijijini unaendelea. Anayesema hiyo ni kelele ya maskini ajue kwamba kelele kama hiyo ilipanda majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 Konono N°1 walikuwa kati ya waliotajwa katika tuzo ya Grammy, kwa wimbo wa Imagine waliourekodi pamoja na Herbie Hancock na wengine.

Lakini somo kubwa zaidi ni la rekodi. Mwaka 1978 Konono walirekodiwa Kinshasa kwa ajili ya redio ya Ufaransa. Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, aliisikia rekodi hiyo na kuanza kulitafuta kundi. Ilichukua miaka mingi mpaka alipolipata. Ndipo ikatoka albamu ya Congotronics mwaka 2004, kisha yote yaliyofuata, pamoja na huo wimbo wa Oneida. Bila ule mkanda wa 1978, nani angejua amtafute nani? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Lubutu ina mali hiyo leo. Kuna wazee wa Kikumu wa Bitule na Obokote wanaojua kupiga lokole. Kuna mama waliotoka Walikale baada ya vita kufika huko mwezi Machi 2025, wakiwa na nyimbo za kubembeleza watoto, za shamba na za msiba. Wengine watarudi kwao, wengine wataendelea hadi Kisangani au Kindu, na wengine watazikwa hapa. Wakishatawanyika, hakuna atakayewakusanya tena kwa ajili ya wimbo.

Wapo watakaosema kwamba mwenye njaa hahitaji muziki, anahitaji unga, dawa na sahani la kulia. Ni kweli, na redio za hapa zisiache kuyadai hayo kila siku. Ila kurekodi hakupunguzi unga wa mtu. Simu ya kijana mmoja na dakika kumi za utulivu vinatosha. Na familia inayosikia wimbo wa kijiji chake ukipigwa kwenye redio ya mji uliowapokea, inajua kwamba haikuhesabiwa kama vichwa vya kugawiwa chakula tu. Mwenyeji naye anajifunza jina la jirani yake mpya.

Jambo moja lichungwe. Mwenye wimbo atajwe jina lake na kijiji chake, aulizwe kwanza kama anakubali, na siku wimbo ukileta fedha, naye apate fungu lake. Muziki wa Kongo umebebwa mara nyingi kuliko wenyewe walivyolipwa.

Kwa hiyo redio za Lubutu zitenge angalau saa moja kwa juma. Zianze na Konono N°1, zifuatishe Nombre 1! ya Oneida ili vijana wasikie mlio wa Kinshasa ulivyofika Brooklyn. Kisha zifungue maikrofoni kwa mzee wa hapa na mama aliyekimbia. Mzee Mingiedi alifariki mwaka 2015, na sauti yake bado inasikika. Wazee walioko Lubutu leo wengi hawajarekodiwa hata mara moja.